Kujenga Reli Ndogo Kwa Bedsita: Rada Kamili Kabla Utoe Ganji

Ukisimama kando ya Mount Gelai pale Nairobi Railway Museum, kitu ya kwanza utaona ni vile wewe ni mdogo. Hiyo ni Garratt namba 5918 ya klasi ya 59, ilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, na kwa reli za mita moja hakuna injini ya mvuke imewahi kuishinda ukubwa. Sasa kuna wasee duniani raha yao ni kupunguza vitu kama hizo mara 76, mara 87 ama mara 160 hadi ziingie kwa meza. Na si watoto. Kule Hamburg, mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka wa 2001, na hadi leo watu wanapanga laini kuingia kuona treni unaweza beba kwa kiganja.

Shida ni msee akishacheki video za Wunderland, anataka milima, madaraja na treni nne zikipishana, na yeye anaishi bedsita ya Roysambu. Anamwaga doo yote mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu ubao umesimama nyuma ya mlango na ni wa kuanikia nguo. Manze, inauma. Tuongee vile utaepuka hiyo.

Kwanza, jua skeli. HO ni 1:87 na OO ya Waingereza ni 1:76, lakini zote mbili hutembea kwa reli ya milimita 16.5. Zidisha 16.5 mara 87 upate 1435, yaani upana wa SGR kabisa. Reli yetu ya zamani ni milimita 1000, so ukitaka kuitoa fiti kwa HO unatafuta reli ya milimita 12, ile mafans wa treni za milimani Uswisi hutumia, juu pia wao wako na reli za mita moja. N ni ndogo zaidi, 1:160, na reli yake ni milimita 9. Kama keja ni ndogo na macho yako bado yako poa, N inakuokolea nafasi mbaya. Kama vidole vyako ni vya kufungua nati za lori, enda HO ama OO.

Alafu cheki stima kabla ulipe. Seti ya Uingereza inaingia kwa soketi yetu direct, plagi ni moja na volti zinaelewana. Seti ya Marekani mara nyingi imekuja na transfoma ya volti 120, ya Japani volti 100. Ukichomeka hiyo kwa 240 zetu utaskia harufu, na hiyo ndo itakuwa safari ya kwanza na ya mwisho. Soma kibandiko nyuma ya transfoma. Treni yenyewe ya kawaida inakula volti 12 za DC tu, kwa hivyo ukipata kidhibiti cha volti zetu, uko sawa.

Sasa hesabu ya nafasi, hapa ndo wengi huchoma picha. Kona ya pili ya Hornby iko na nusu kipenyo cha milimita 438. Mara mbili ni 876, ongeza nafasi ya pembeni ndio treni isianguke sakafuni, unafika mita moja ya upana. Hiyo ni kitanda, buda. Kwa N, kona ya Kato ya milimita 249 inaingia kwa ubao wa sentimita 60 hivi.

Na mlima? Treni ndogo inapanda vizuri mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 1 kila nusu mita. Ndio treni moja ipite juu ya ingine kwa OO unahitaji kama sentimita 8. Piga hesabu: mita 4 za kupanda, alafu mita ingine 4 za kushuka. Hata reli ya ukweli iliteseka hivyo. Pale Mazeras, reli ya zamani ya kutoka Mombasa ilibidi ijizungushe ijipitie yenyewe juu ndio ipate urefu wa kupanda. Wewe kwa bedsita sare hiyo ndoto ya daraja kwanza.

Kitu mi ningeshauri mtu wa kuanza ni Inglenook. Msee wa Uingereza anaitwa Alan Wright ndiye aliitoa, na iko simple hadi inakasirisha. Pointi mbili tu, yaani zile sehemu reli inagawanyika. Njia tatu: moja inabeba mabehewa 5, zile zingine mbili zinabeba 3 kila moja. Upande ule mwingine kuna kipande cha reli cha injini na mabehewa 3, basi. Kwa OO inakaa kwa ubao wa karibu mita 1.2 kwa sentimita 30, unaweka juu ya kabati.

Mchezo ni huu. Uko na mabehewa 8 tofauti. Unaandika namba zao kwa vikaratasi, unachomoa 5 bila kuangalia, na lazima utoe treni ya hayo 5 kwa mpangilio uleule umechomoa. Kila kitu kinasukumwa na kuvutwa na injini, mkono hauingii. Ni kama kupanga mathree stage wakati imejaa na ile ya kwanza kwa foleni imefungiwa nyuma kabisa. Mipangilio inayowezekana ni 6,720, so hutaichoka haraka. Linganisha na ule mzunguko wa yai unakuja na seti. Treni inazunguka, inazunguka, dakika kumi umerudi kwa simu.

Ubao tumia plaiwudi ya milimita 9, chini uipigie fremu ya mbao ndio isipinde. MDF ikishika unyevu inafura, na reli inafuata.

Kitu inaua hobi zaidi ni treni kukwamakwama. Watu wanalaumu injini, kumbe ni stima haifiki. Vile vipande vidogo vya chuma vinaunganisha reli hulegea na kushika kutu, usiviamini kubeba stima pekee yao. Chomelea waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, kwa risasi ile fundi wa redio hutumia, upeleke kwa waya mbili nene chini ya ubao. Rangi moja upande wa kulia, ingine kushoto, usichanganye. Vumbi nayo futa kwa kitambaa na spiriti. Msasa mkali usiguse reli, unaacha mikwaruzo na uchafu unapata makao.

Mandhari ndio sehemu tamu na bei yake ni ya chini. Changarawe ndogo ya reli unamwaga kavu, unaipanga na brashi, alafu unadondosha gluu nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, tone linakaa juu na kuburuta mawe yote. Usikaribie sehemu za pointi zinazosonga. Zikishikwa na gluu, umenunua ingine.

Udongo mwekundu wa Nairobi ukichekechwa na kichungi cha chai unatoa barabara ya mtaa kabisa. Lakini pitisha sumaku kwanza, mara mbili. Udongo wetu uko na chembe za chuma, na mota ya treni iko na sumaku ndani, so itazinyonya hadi ikwame.

Na hiyo gluu yote ingoje. Endesha treni wiki nzima kwa reli tupu, mbele na nyuma, polepole. Mahali inatikisika, rekebisha sasa, juu changarawe ikishakauka utakuwa unabomoa na bisbisi.