Je, Wajua? Mtoto Anayecheua Husemewa na Mizani

• Kanga ya mama ikilowa maziwa begani mara tano kwa siku, si lazima mtoto awe mgonjwa. Msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo lake bado haujakomaa, hivyo maziwa hupanda. Kucheua huzidi karibu na mwezi wa 4, na wengi huacha wanapokaribia mwaka 1.

• Mizani ya kliniki ndiyo husema kweli. Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wake wa kuzaliwa ifikapo wiki ya 2. Katika miezi 3 ya kwanza huongeza takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto ukilala au ukishuka, usingoje tarehe ya kliniki ijayo.

• Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Mpigepige mgongoni hadi abeue, kisha mshike wima dakika 20 hadi 30. Usimpe uji ili “maziwa yatulie”: kabla ya miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha.

• Hata anayecheua sana alazwe chali. Kumlaza kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

• Matapishi ya kijani, yenye damu au yanayoruka kwa nguvu, nepi kavu kwa saa nyingi, au kugoma kunyonya: hospitali leo, si kesho.