Makutano ya Barabara Yasiyo na Taa

Penye makutano ya barabara mbili za mjini, kila moja ikiwa na njia ya kwenda na ya kurudi, wahandisi huhesabu mahali 32 ambapo safari za magari huingiliana: 16 pa kukatana, 8 pa kuungana na 8 pa kuachana. Taa za kuongozea magari huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo kwa kuusimamisha upande mmoja ili mwingine upite. Ni njia ya salama, lakini yenye ubadhirifu.

Mwanafunzi aweza kuupima ubadhirifu huo. Taa ya kijani iwakapo kwa sekunde 30, dereva wa kwanza hupoteza kiasi cha sekunde 2 kwa kung'amua kuwa taa imebadilika na kuliondoa gari. Wamfuatao hupita mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 2 hivi. Basi katika sekunde 28 zilizosalia hupita magari 14 tu katika kila njia. Sehemu ya nafasi hiyo hutokana na maumbile ya binadamu: jicho huona, ubongo huamua, ndipo mguu utende. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari huenda karibu mita 14 kila sekunde, na dereva mwenye busara hulifikiria jambo hilo.

Gari lijiendeshalo lenyewe huona kwa kamera na rada, na kompyuta yake huamua upesi zaidi. Magari ya namna hiyo yakiwasiliana kwa redio yaweza kuondoka pamoja, mithili ya mabehewa ya gari moshi. Nafasi ikipungua hadi sekunde 1, na upotevu wa mwanzo ukiondolewa, yatapita magari 30.

Mwaka 2004 Kurt Dresner na Peter Stone, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, walikwenda mbali zaidi wakaziondoa taa zenyewe. Katika mpango wao eneo la makutano hugawanywa miraba midogo kama ubao wa drafti. Gari likaribialo hupeleka ombi kwa kompyuta ya makutano, likitaja wakati wa kuwasili, mwendo na upande liendako. Kompyuta huifuatilia safari hiyo mraba kwa mraba kabla haijafanyika. Pasipo mraba uliokwisha kupewa gari jingine kwa wakati ule ule, ombi hukubaliwa. La sivyo, gari hupunguza mwendo na kuomba tena. Katika majaribio, yaliyofanywa ndani ya kompyuta wala si barabarani, magari yalichelewa kidogo mno kuliko penye taa.

Barabarani mambo ni mengine. Magari ya kampuni ya Waymo, yachukuayo abiria bila dereva mjini Phoenix na San Francisco, husimama penye taa nyekundu kama mengine yote, maana yamezungukwa na madereva wasioweza kupeleka ombi lolote.

Mgumu zaidi ni mwenda kwa miguu. Barabara ya upana wa mita 14, kwa mtu atembeaye mita 1.2 kila sekunde, huvukwa kwa sekunde 12 hivi. Ikiwa ina njia 4, na katika kila njia hupita gari moja kila sekunde, yapasa kuzuia magari 48 ili avuke mtu mmoja. Na bibi kizee huhitaji muda zaidi. Mpango uhesabuo magari peke yake utaonyesha ufanisi mkubwa hata kama yeye havuki kamwe. Mhandisi hana budi kuzirudisha taa kwa ajili yake, au kujenga daraja la juu, ambalo mwenye mzigo na mlemavu huliona adha, au kuiamuru kompyuta ihesabu sekunde anazosubiri yeye sawa na zile za aliyeketi garini.