Tairi za Subaru WRX: Soma namba hizi kabla hujatoa hela

Ukienda kununua tairi za Subaru Impreza WRX au STI, swali la kwanza la muuzaji huwa ni hili: "Rimu namba ngapi?" Ukijibu "kumi na saba", atakuletea chochote kinachoingia. Na kweli kitaingia, gari litaondoka vizuri tu. Shida huja baadaye, kwenye giaboksi au siku ya mvua unapobana breki ghafla.

Tutazungumzia zaidi Impreza za kizazi cha pili, za kuanzia 2000 hadi 2007, maana ndizo zimejaa mitaani Nairobi na Dar. Ila hesabu ni zilezile kwa Forester ya turbo na Subaru nyingine zinazovuta kwa miguu yote minne.

Ubavuni pameandikwa nini?

Chukua tairi iliyoandikwa 225/45R17 94W. Hiyo 225 ni upana kwa milimita. 45 siyo milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana, yaani kama mm 101. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, ambao leo karibu kila tairi ya gari dogo inao. 17 ni inchi za rimu.

Wengi wanaishia hapo, kumbe zile herufi za mwisho ndizo zinazotofautisha tairi ya WRX na ya gari la kwendea sokoni. 94 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 670, wakati 91 ni kilo 615. W ni mwendo wa hadi km 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210.

Utasema, nani anakimbia 270 huku kwetu? Hakuna, na usijaribu. Lakini herufi hiyo inaonyesha pia tairi imejengwa kustahimili joto kiasi gani, na yenye herufi ya juu mara nyingi haiyumbi sana ukikata kona. Angalia stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva: saizi iliyotoka kiwandani ipo pale, na upepo unaotakiwa upo pale. Usishuke chini ya namba wala herufi ya kiwandani.

Kubadilisha saizi inaruhusiwa, ila piga hesabu

Zipo WRX zilizokuja na 205/55R16, nyingine 215/45R17, na STI nyingi zilikuja na 225/45R17. Ukizidisha kimo cha ubavu mara mbili na kujumlisha rimu (inchi moja ni mm 25.4), unapata urefu wa tairi nzima kutoka juu hadi chini. Ya kwanza ina mm 632, ya pili 625, ya tatu 634. Unaona zinakaribiana? Ndiyo maana mwenye 205/55R16 anaweza kuhamia 225/45R17 na spidi ya dashibodi ikabaki karibu ileile.

Sasa kuna mtu anauziwa 225/55R17 kwa sababu "upana ni uleule, rimu ni ileile". Hiyo ina mm 679. Dashibodi ikisoma 100, yeye yuko karibu 107, na ukipiga tuta au kukata kona, tairi inaweza kugusa madigadi au shokapu.

Na wale wa rimu 18? 225/40R18 ina mm 637, kwa hesabu inakubali. Ila ubavu umebaki mm 90 tu, kutoka 113 za ile ya rimu 16. Kwa mashimo yetu, kinachopokea kishindo hapo ni rimu na springi. Colin McRae alipochukua Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, gari lilikuwa na rimu ndogo na ubavu mnene, maana barabara ya mawe inataka hivyo. Rimu kubwa ni urembo, na urembo una bei yake kila unapokutana na shimo.

Kitu kingine: usiendeshe STI yenye breki za Brembo ukidhani utaivisha rimu 16 ili upate tairi za bei nafuu. Rimu 16 za kawaida zinagonga kalipa. Tena STI za kuanzia 2005 zilibadilishiwa nafasi za nati, kutoka 5x100 kwenda 5x114.3, kwa hiyo rimu ya WRX ya rafiki yako huenda isikae kabisa. Upana wa rimu nao una mipaka: 225/45R17 inataka rimu ya inchi 7 hadi 8.5.

Kwa nini fundi mzuri anakataa kukufungia mbili

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Tairi za mbele zimeisha, za nyuma zina kashata bado, kwa hiyo unanunua mbili tu. Kwenye gari linalovuta mbele pekee, hilo halina neno. Kwenye Subaru ni habari nyingine.

Tuseme tairi mpya ina kashata ya mm 8 na ya zamani imebaki mm 4, saizi zote 225/45R17. Mpya inazunguka kama mara 502 kwa kila kilomita. Ya zamani, kwa kuwa ni fupi, inazunguka kama mara 508. Tofauti ni mizunguko sita tu, unaweza kusema siyo kitu. Lakini ukienda Dar hadi Morogoro, karibu km 190, mizunguko ya ziada inapita 1,100, na yote lazima imezwe na difu ya kati.

Kwenye gia za kawaida, difu hiyo ina kikopo cha visahani vilivyozama kwenye mafuta mazito. Kiliwekwa kwa ajili ya tairi inayoteleza kwa muda mfupi. Kikisuguliwa safari nzima kinapata moto na mwisho kinashika. Kwenye otomatiki nyingi kazi hiyo inafanywa na klachi, nayo inaisha vilevile. Dalili utaiona ukikata kona kali kwenye maegesho: gari linakaza na kuruka-ruka kama kuna mtu amekanyaga breki.

Subaru wenyewe wanataka tairi zote nne ziwe saizi moja, chapa moja na uchakavu unaolingana. Kipimo kinachotumika ni mzingo usizidiane zaidi ya mm 6 hivi, ambayo ni sawa na mm 1 ya kashata. Ule mfano wetu wa 8 na 4 umezidi mara nne. Kwa hiyo nunua nne, kisha zizungushe mbele na nyuma kila km 8,000 au 10,000 ili zichakae pamoja. Kama huna hela ya nne nzuri, nne mpya za kawaida zenye namba sahihi ni afadhali kuliko mbili za bei mbaya.

Mtumba na zile za theluji

Tafuta ubavuni neno DOT, halafu soma tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzima lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa kwa kukaa juani.

Magari kutoka Japani wakati mwingine yanashushwa bandarini yakiwa na tairi za theluji. Zinapendeza, kashata ni ndefu na ina vichanio vingi vidogo. Ukiona neno STUDLESS, au herufi Q ya mwendo wa km 160 tu, ndizo hizo. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwenye joto letu unaisha haraka, na gari linalegea kwenye kona. Kwa gari la turbo, zitoe.

Kuhusu kipara: ndani ya mifereji kuna vivimbe vya mm 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi imekwisha. Wakati wa masika usisubiri hapo, badilisha ikibaki mm 3, hasa kama umevaa tairi pana, kwa sababu pana huelea juu ya maji mapema zaidi.

Na ile spea nyembamba kwenye buti? Mwisho wake ni km 80 kwa saa, na upepo wake ni PSI 60, siyo 32. Kwenye otomatiki nyingi za zamani kuna sehemu ya fyuzi chini ya boneti imeandikwa FWD. Ukifunga spea hiyo, chomeka fyuzi pale ili gari livute mbele tu, na spea yenyewe uifunge nyuma.