Kidole Kikishika Ganzi

Mjini Fairbanks, Alaska, wapo wakazi ambao hawatoki nyumbani bila bastola kiunoni. Sheria ya jimbo haiwazuii: tangu mwaka 2003, mtu wa miaka 21 na kuendelea anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kuibeba ikiwa imefichwa, bila kibali. Shida yao ni majira. Januari kipimajoto huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, pale ambapo Selsiasi na Farenhaiti husoma namba ileile.

Ungedhani chuma ndicho kitakachotaabika kwanza. Kiasi fulani ni kweli. Mafuta ya kulainishia hushikana kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Sehemu ya juu ya bastola, ambayo kila risasi ikitoka lazima irudi nyuma itupe ganda na kuingiza risasi nyingine, huanza kusuasua au hukwama kabisa. Dawa yake ni mafuta mepesi, tena kiduchu.

Lakini bastola iliyo chini ya sweta na koti hupata joto la mwili. Adui yake wa kila siku ni jasho na kutu. Balaa huja ikilala garini. Ukiiingiza ndani, unyevu wa hewa ya nyumbani hutua juu ya chuma baridi, na ukitoka nayo kabla haijakauka, matone yale huganda katikati ya mitambo.

Anayeumia zaidi ni mwenye mkono. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya vidole ili kulinda joto la moyo na viungo vya ndani. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko chini ya kiwiko, kwa hiyo nguvu ya kushika haiishi mara moja. Wepesi na hisi ndivyo hutangulia kwenda. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi, hata kufunga kifungo cha shati ni kazi. Kwenye nyuzi 8 hivi, kidole hakijui vizuri kinagusa nini. Mwaka 1930 daktari Thomas Lewis wa Uingereza alieleza jinsi kidole kilichotumbukizwa kwenye maji ya barafu kinavyorudiwa na damu baada ya dakika kadhaa, kisha kikapoa tena, kwa zamu. Ni nafuu, ila haiji unapoiita.

Sasa kiweke kidole hicho, ndani ya glavu nene, kwenye kifyatulio. Bastola nyingi za kisasa hutaka mvuto wa kilo mbili na nusu hivi tu. Mtu anaweza kukibana kabla hajahisi kwamba amekigusa. Na kuirudisha silaha kwenye mkoba wake wa kiunoni kunanitisha kuliko kuichomoa: kishikizo cha plastiki kilicho mwisho wa kamba ya koti huweza kupenya mbele ya kifyatulio, mkono ukasukuma chini, kamba ikafyatua, risasi ikapita pajani. Watu hubishana mchana kutwa kuhusu aina ya bastola na risasi. Mimi ningeanza na hiyo kamba. Wapo wanaoikata siku ileile wanayonunua koti.