Reale ya Sham na Mwaka Usiosogea

Juzi nilikuwa Msambweni, barazani kwa bibi mmoja jamaa yetu, mjukuu wake akaniletea reale sita za fedha zilizofungwa pembeni mwa leso. Ni za mahari ya mamake bibi.

"Ami," akaniambia, "tazama mwaka: 1780! Kule Diani nimepata mgeni atakayezinunua kwa bei ya kitu cha miaka zaidi ya mia mbili."

Nikaigeuza moja mkononi. Ndiyo ile reale ya Sham, ambayo wazee wetu waliipambanua na reale ya mzinga ya Wahispania. Uso ule wa mama mnene mwenye ushungi ni wa Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Warumi wa kale nao walimpigia Faustina, mkewe Kaisari Antoninus Pius, sarafu za fedha baada ya kufa kwake. Lakini hizo zilikoma zamani; za Maria Theresa zikaenea Arabuni, Uhabeshi, Unguja na pwani yetu.

Zilipendwa kwa uaminifu wake. Kila moja ina gramu 28 na kidogo, na ndani yake fedha safi ipitayo gramu 23. Ukingoni mna maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma, na mwenye kukwangua ukingo huumbuka papo hapo. Na kwa kuwa watu walizoea uso ule, sarafu ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule: Vienna, kisha Roma mwaka 1935 Mussolini alipoivamia Uhabeshi, London mwaka 1936, na Bombay baadaye.

"Basi mwaka huu hausemi umri," nikamwambia. "Hizi ni za kale nyumbani humu, lakini huwezi kumwapia mtu kuwa ni za 1780."

Kijana akanuna. "Mgeni hajui, Ami."

Bibi, aliyekuwa akisuka ukili, akainua uso. "Asojua ndiye wa kuambiwa. Mama yangu hakuolewa kwa uwongo, na mahari yake hayatauzwa kwa uwongo."

Kijana hakwenda Diani. Bibi akaniuliza habari ya zaka. Nisabu ya fedha ni takriban gramu 595, yaani reale 26 za namna hii. Sita peke yake hazifiki. Akazihesabu tena, akazifunga lesoni.

Nawe msomaji, ukiwa nazo sandukuni, zipime kwanza, na umwambie mnunuzi kweli.