Mnunuzi Anapodai Matengenezo

Katika Mji Mkongwe wa Unguja hakuna karatasi inayomchoma muuzaji wa nyumba kama ile ya fundi aliyeletwa na mnunuzi. Bei imekwisha kukubaliwa, arubuni imepokewa. Kisha fundi anapanda juu, anagonga boriti moja moja, na kesho yake yaja madai: boriti sita zimeoza, ukuta umevimba, paa linavuja, rangi imebambuka, kitasa hakifungi. Muuzaji huona ametukaniwa marehemu baba yake.

Hakutukanwa mtu. Sisi tuliosoma chuoni twakumbuka mlango wa fikihi unaompa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu alichokikuta na ila ya kale, na unaomharamishia muuzaji kuificha ila anayoijua. Anayekagua kabla ya kulipa amemwepusha mwenzake na kesi.

Hata hivyo, si kila kilichoandikwa kinadaika. Rangi na kitasa mnunuzi aliviona siku ya kwanza, naye alitaja bei akiwa na macho yake. Boriti ni jambo jingine. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko zilizozamishwa ncha ukutani. Maji yakifika pale, boriti huoza kimyakimya huku ukuta ukipendeza kwa nje. Na lipu ya saruji, tunayoidhania dawa, huuzuia unyevu usitoke. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka ingali katika matengenezo, wakafa watu wawili. Baada ya hapo, nani atamwita mbishi mtu anayeuliza habari za boriti?

Niliwahi kuwa shahidi katika mauzo ya nyumba ya mirathi yenye warithi watano. Kaka mkubwa aliahidi kubadilisha boriti sita. Akatafuta fundi wa bei nafuu, boriti zikaachwa pale pale, chini yake zikapigiliwa mbao na kupakwa rangi nyeupe. Mnunuzi akarudi na fundi wake, ukabanduliwa ubao mmoja, na mauzo yakavunjika papo hapo. Dada yao, aliyengoja fungu lake ampeleke mwanawe kutibiwa Dar es Salaam, alilazimika kukopa. Hadi leo ndugu hao hawaamkiani.

Laiti kaka yule angaliita fundi mwashi wake mwenyewe, akahesabu gharama, kisha akaipunguza katika bei! Muuzaji anayeondoka hutengeneza ili amalize. Mnunuzi hutengeneza ili alale humo. Mapatano hayo yaandikwe, yataje boriti ngapi na chumba gani, yatiwe saini mbele ya sheha na warithi wote, si mmoja anayewasemea wenziwe.

Nanyi ndugu maofisa, mnajua kwamba matengenezo katika eneo la hifadhi yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Kibali kikikawia mezani, muuzaji na mnunuzi huishia kukubaliana kuficha, na saruji hupigwa usiku.

Nyumba ile ya mirathi ingali imefungwa. Masika yaliyopita ubao wa pili ulianguka wenyewe.