Mzee Anaposahau Watu wa Nyumbani Mwake

Si ajabu mzee kusahau mahali alipoiweka fimbo yake. Lakini akisahau fimbo ni ya kazi gani, au akipotea katika njia aliyoipita miaka arobaini, hapo si uzee mtupu. Huenda ni ugonjwa. Katika magonjwa ya namna hii ulio mwingi kuliko yote waitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimwangalia mwanamke wa miaka 51 aliyepotewa na kumbukumbu. Mwanamke huyo alipokufa mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona uchafu umegandamana kati ya chembe zake, na nyuzi zimesokotana ndani ya chembe zenyewe. Basi si uchawi, si laana, wala si ukaidi wa mzee.

Hata leo dawa ya kuuponya haijapatikana. Zipo zipunguzazo dalili kwa muda, na nyingine za siku hizi huukawiza kidogo kwa wale walio mwanzoni tu. Kwa hiyo tabibu akiisha kuutaja ugonjwa, jamaa huulizana: Tumwambie mwenyewe, au tumfiche? Sisi twaona yafaa aambiwe kwa upole, angali anaweza kufahamu na kuamua.

Tazameni habari ya Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1981 hata 1989. Tarehe 5 Novemba 1994, naye ana miaka 83, aliwaandikia watu wa nchi yake barua kwa mkono wake mwenyewe, akawaarifu kwamba ameshikwa na ugonjwa huo. Hakuona haya. Alimsikitikia mkewe Nancy, maana alijua ya kuwa ugonjwa ukizidi, mzigo huwaelemea walio nyumbani. Akaishi karibu miaka kumi tena, akafa Juni 2004. Barua ile aliiandika kwa wakati wake, baadaye asingaliweza.

Nanyi zitumieni vema siku za fahamu zilizosalia. Mwulizeni mzee ni nani amtakaye amtunze, anadai nani na anadaiwa na nani, na shamba lake liwe la nani. Kisha wosia uandikwe mbele ya mashahidi. Mambo hayo ni yake, asinyang'anywe kabla ya wakati.

Ugonjwa ukizidi, msishindane naye. Akimwulizia mama yake aliyekufa zamani, msimwambie kila mara kwamba amekufa, maana kila mara ataomboleza upya. Afadhali mwambieni awasimulie habari zake, kwa kuwa mambo ya zamani hukaa moyoni kuliko ya jana. Mwekeni mbali na moto na kisima, lakini msimnyime kazi ndogo aiwezayo, kama kuchambua mchele au kufagia ua.

Tena mwangalieni yule amtunzaye. Mara nyingi ni mke au binti mmoja, asiyelala usiku, na ndugu wengine huleta maneno tu. Gawanyeni zamu, naye apate kupumzika. Achukuaye mzigo hana budi kutuliwa.

Huenda siku moja mzee asilijue tena jina lako. Hata hivyo, mara nyingi bado aujua mkono mpole na mkono mkali. Basi na aguswe kwa upole.